Kengele ya Amerley Sowah

Amerley Sowah ana mdomo, na sitasema vinginevyo kwa kuwa tu ni rafiki yangu. Mashine yake ya kusaga iko nyuma ya nyumba ya ukoo wao hapa Teshie, pwani ya Accra, na sisi wapika kenke, madonge ya mahindi yaliyochachushwa, tunampelekea mahindi yetu yaliyolowekwa tangu mumewe akiwa hai. Ukimletea mahindi yenye mchanga atakusema mbele ya foleni nzima, kisha atakusagia laini kuliko mtu yeyote. Mashine yenyewe inanguruma mpaka meno yanagongana. Tulishazoea kuongea naye kwa mikono.

Mwaka ninaousimulia, mwezi wa kimya ulikuwa ndio umeingia. Kuhani wa mji alishapiga marufuku ngoma, makofi na kengele, ili mahindi ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, yaote kwa utulivu. Jioni ya kwanza Amerley alizima mashine, akakaa uani kupunga upepo, akasikia kengele. Ilikuwa nyembamba, haikatiki. Hakujiuliza mara mbili ni ya nani. Nyuma ya ukuta wake kuna kanisa ambalo kila mwaka huzozana na watu wa kuhani, basi akajifunga kitambaa kiunoni akaenda kulishtaki.

Watu wa kuhani walikuja na nguo zao nyeupe, wakapekua kanisa lote, wakafungua hata sanduku la majoho ya kwaya. Kengele ilikuwa imeviringishwa gunia kama sheria inavyotaka. Mchungaji alisimama mlangoni, kahamaki.

"Mama Amerley, hebu tuambie, hiyo kengele inalia wapi?"

"Inalia sasa hivi. Nyie mmeziba nini masikioni?"

Tukatega masikio wote. Kulikuwa na kuku wa jirani tu, basi.

Kumsingizia mtu kengele katika mwezi ule si mchezo. Mji mzima uligawanyika: hawa wanasema Amerley ana chuki na kanisa, wale wanasema ameingiliwa na pepo. Kaka yake Laryea alikuwa upande wa pepo, maana mashine ile aliitolea macho siku nyingi. Aliita kikao cha ukoo, akasema kwa sauti ya upole, ile inayonichefua hadi leo, kwamba dada apelekwe kambi ya maombi akakae mpaka apone, na yeye atajitolea kusaga. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilitamani kumrushia beseni.

Bahati nzuri, siku hizohizo walikuwepo watafiti wa masikio kutoka hospitali kubwa ya Accra, wakiongozwa na Daktari Esinam, mwanamke wa kabila la Ewe mwenye haraka zake. Walikuwa wanachunguza kelele za kazi zinawafanya nini wasagaji na mafundi vyuma. Waliuchagua mwezi wetu wa kimya makusudi, kwa sababu miezi mingine, kwa ngoma na vipaza sauti vya Teshie, hakuna sikio linaloweza kupimika. Walijipanga katika madarasa mawili ya shule.

Amerley akamwambia kaka yake mbele ya wazee walewale, "Nitaenda kupimwa. Wakisema masikio yangu hayana kitu, nipeleke kambini, hata kwa kamba. Wakisema ni ugonjwa, wewe na mashine yangu msijuane kabisa."

"Sawa, dada," Laryea alisema. "Wote mmesikia."

Nilimsindikiza. Laryea naye alikuja, akasimama dirishani. Mpimaji, baba mmoja mwenye kitambi na ndevu, alimvisha Amerley hedifoni, akampa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza, ukiisha, achia. Amerley akabonyeza. Hakuachia.

"Mama, bado sijapiga kitu."

"Nasikia."

"Huwezi kusikia kitu ambacho hakipo."

"We baba, sikio ni la kwangu au la kwako?"

Mpimaji alijaribu tena, kidole cha Amerley kikabaki palepale. Akamvua hedifoni, akatangaza kwamba majibu ya mama huyu hayaaminiki, hawezi kuingia kwenye utafiti, mwingine apite. Laryea akatabasamu pale dirishani.

Amerley hakuinuka.

"Mama, kuna foleni."

"Foleni unanifundisha mimi? Kwangu watu wanasubiri kutwa nzima. Umeniambia nibonyeze nikisikia. Nasikia. Kosa langu liko wapi?"

"Mama, tafadhali."

"Sitoki. Niburute ukiweza, mimi si mwepesi." Akakishika kiti kwa mikono miwili, akajiachia uzito wote.

Zogo lile lilimtoa Daktari Esinam chumba cha pili. Aliambiwa yote, akavuta kiti akakaa karibu naye, akauliza, "Mlio wako ukoje, mama?"

Amerley alimtazama kwa mashaka. Tangu jioni ile tulikuwa tumemuuliza kengele iko wapi na kwa nini anatuaibisha. Hilo hakuna aliyeliuliza, hata mimi.

"Mwembamba," alisema. "Kama mtu anayekwangua ukingo wa sufuria, haachi."

Daktari akamsogeza mpimaji pembeni, akashika mashine ya kupimia mwenyewe. Alisema atapiga mlio wa kukatika-katika. Ule wa Amerley haukatiki, kwa hiyo hatauchanganya. Safari hii kidole kilipanda na kushuka sawasawa. Milio minene aliisikia, myembamba mingi ilimpita. Daktari akaeleza kwamba kelele za mashine huua vinyweleo vidogo ndani ya sikio, na wanadhani ubongo ukikosa sauti ulizozizoea huanza kujitengenezea yake. Mchana mashine inaifunika. Kimya kikija, inajitokeza.

Kisha akaanza kuutafuta mlio wenyewe. Amerley alimwelekeza kwa mkono, kama sisi kwenye mashine: panda, panda, hapana, huyo mbu, shuka kidogo. Mkono ukasimama hewani.

"Ndiyo hiyo," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. Nami nililia, sioni haya.

"Dawa ya kuizima bado hatuna," daktari alisema. "Utaziba masikio kazini, utalala na redio ya sauti ndogo, na utakuja kila mwezi tuzidi kuchunguza."

"Redio, mwezi huu? Watu wa kuhani wakija nawatuma kwako." Akapangusa uso, akageukia dirishani. "Laryea, ingia."

Laryea aliingia. Amerley alimvisha hedifoni kwa mikono yake, daktari akaupiga tena mlio uleule. Laryea alisikiliza, akakunja uso.

"Haya, nimesikia," alisema, akainua mikono avue. Amerley akambana masikio kwa viganja vyake viwili.

"Bado."

"Dada, niachie. Kichwa kinaniuma."

"Bado, kaka. Tulia."

Hakuna aliyewaingilia, hata daktari. Jasho lilianza kumtoka Laryea, macho yakatafuta mlango, kisha yakamrudia dada yake na kubaki hapo.

"Mwambie azime," alisema kwa sauti ndogo. "Dada, nakuomba, mwambie azime."

"Yako atazima," Amerley alisema, ndipo akamwachia.