Chupa Chini ya Kitanda cha Mkwe

Lusia aliwapikia watu wa mtaa wake, pale Mbeya, pombe ya ulezi, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake, mzee Fanueli, ingawa walikaa nyumba moja. Ndivyo Wanyakyusa wanavyoheshimiana: mkamwana akisikia mkwe anakohoa, anajifunika kanga na kupisha njia. Miguu ya mzee ilipokufa ganzi, mumewe Lusia, Jailos, ndiye aliyemhudumia. Jailos akisafiri na lori lake, jirani yao Ikupa aliingiza chakula.

Mwaka ule wa sabini na tisa bia za chupa ziliadimika. Ile nyeusi, chungu, aliyoipenda Jailos, ikapotea kabisa.

"Si wewe fundi? Nipikie ya kwangu," akamwambia mkewe.

Lusia akakaanga kimea cha ulezi mpaka kikawa kama kahawa, akachemsha, akachuja, akaacha ichachuke. Weusi ukaja, uchungu ukaja. Povu likakataa. Jailos akaleta kutoka Kilolo, Iringa, ulanzi mbichi, ile pombe ya mianzi, ungali mtamu, wakatia kidogo katika kila chupa, wakaziba na kukaza kwa waya. Wagema wa Iringa hawauzibi ulanzi hata siku moja. Hawa hawakuuliza. Na kwa vile Juni ilikuwa baridi kali, Jailos akazipanga chupa thelathini kwenye chumba chenye jiko la mkaa, chini ya kitanda cha baba yake. Akaondoka na lori.

Siku ya tatu, mchana, Ikupa akiwa mtoni, kitu kikalia paa! Kisha kingine.

"Wananipiga risasi!" mzee akapiga kelele. "Jamani! Mgongo wangu!"

Lusia alielewa papo hapo: chupa zinapasuka. Akatoka mbio uani. "Ikupa! Ikupaaa!" Hakuna mtu. Ndani ikalia ya tatu, vigae vikagonga ukuta.

Akajifunika kanga kichwani hadi kidevuni, akageuka, akaingia kinyumenyume. Alipapasa kwa kisigino, akakanyaga kigae, kikazama. Hakugeuka, akachutama kando ya kitanda.

"Shika shingo, baba," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mzee alisita. Chini yake ikalia nyingine, godoro likaruka. Mikono iliyokauka ikamkaba Lusia shingoni, akainuka naye, akatoka mbio, povu jeusi likiwafuata sakafuni.

Ikupa alikuwa akiingia uani na ndoo kichwani. Akaishusha kwa kishindo, maji yakamwagika.

"Lusia! Umembeba mkweo?"

"Nimembeba."

"Basi mweke chini, nami nimchukulie godoro—"

"Usiingie!" Lusia alipiga kelele. Mzee alikuwa bado amemng'ang'ania, moyo wake ukimdunda Lusia mgongoni. "Chupa ni thelathini, na zilizolia nimehesabu nne tu."