Makofi ya Mafuta

Juzi, kwenye mashindano ya chesi ya wanawake pale Doornfontein, nilimwona binti akinyoosha mkono juu ya ubao, nikasikia tena ile harufu ya kuku wa kukaanga.

Siku ile, nilipokuwa mtoto, nilimsindikiza mama kwenye mashindano kama hayo. Mpinzani wake alishika farasi, akaona hatari, akamrudisha. Kwa sheria, kete ukiigusa lazima uicheze. Mama alimwita mwamuzi, naye akaja akitafuna paja la kuku.

"Eish, mama, ni wanawake tu mnacheza. Achana naye," alisema, akajilamba kidole gumba.

Mama alimtazama, kisha akampa mpinzani mkono. Nikapiga makofi, nikidhani anayetangulia kutoa mkono ndiye mshindi. Kumbe alikuwa anauacha mchezo aliokuwa anaushinda.

Ukumbi mzima, aliyepiga makofi pamoja nami alikuwa yule mwamuzi tu, kwa viganja vile vile vya mafuta.