Katoni Nane za Area 18

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa kigae na kikombe cha maji. Mkuu wetu wa kazi, fundi mzee wa Bukavu ambaye sote tulimwita Papa Shefu, alikilaza kigae juu ya ndoo, mgongo juu, akaniambia nidondoshe tone moja kisha nihesabu mpaka mia. Tone lilinyweka kabla sijafika thelathini.

"We mutu ya université, sema: hii ni nini?"

"Ni kigae, Papa."

"Ata mbuzi inajua ni karo! Hii ni seramiki. Inakunywa maji sawa mutu ya arusi. Ya porselen haikunywake. Hii ni ya ukuta ya jikoni. Usiiweke fasi bantu banatembea."

Sikumwamini. Jioni, katika chumba tulichopanga mtaani Biwi, nilirudia jaribio lile kwa vipande vitatu. Alikuwa amesema kweli, na hilo liliniudhi.

Nawaandikia ninyi vijana wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje. Nina miaka thelathini na mmoja na nimekwisha kustaafu. Hakuna aliyeniaga kwa hotuba. Nilikuwa mchaguzi: napima chumba, nahesabu katoni, nakwenda dukani Old Town, naagiza. Papa Shefu ndiye aliyeweka vigae. Alisoma namba na Kifaransa kidogo. Kiingereza alikiacha kwangu.

Mnajua mambo ya vibali. Vyetu vya kukaa nje ya kambi vilikuwa vinakwisha, na amri ya kurudi kambini ilikuwa imeshatangazwa. Papa alikuwa na tumaini moja tu: barua ya mwenyeji, iseme kwamba kazi yake inajulikana na inahitajika mjini.

"Nani alishaongezewa kibali kwa barua?" nilimuuliza.

"Mi sijui. Lakini bila barua, ata kuuliza siwezi."

Aliyeahidi barua hiyo ni Madamu, muuguzi mstaafu aliyekuwa anamalizia nyumba yake mtaani Area 18. Maisha yake yote alikuwa ameishi katika nyumba za serikali. Alimwambia Papa kwa Kichewa: sakafu ya sebule ikinipendeza, nitaandika. Papa aliinama akashukuru, "Zikomo, zikomo kwambiri," na njia nzima ya kurudi Biwi hakuacha kupiga mluzi.

Kwa hiyo tulichagua kwa makini. Taa za duka husifia kila kigae, ndiyo maana sampuli lazima ilale nyumbani. Nilibeba tatu kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, nimezifunga ndani ya sweta, mwenye baiskeli akinitania kwamba nimemzalia mtoto mzito. Tuliziegemeza dirishani kwa Madamu, tukazitazama asubuhi, tukazitazama saa kumi. Madamu akakanyaga ile inayong'aa kwa mguu wenye maji, akateleza, akacheka, akaikataa. Alichukua porselen ya rangi ya majivu, isiyong'aa, sentimita sitini kwa sitini.

Hesabu iko hivi. Sebule na korido ni mita za mraba thelathini na nne. Unaongeza sehemu moja ya kumi kwa kukata na kuvunjika. Katoni moja ina vigae vinne. Jumla, katoni ishirini na sita.

Ubavuni mwa kila katoni kuna namba ya loti, yaani mchomo mmoja wa tanuri. Tanuri haitoi rangi ileile mara mbili. Papa alikuwa na sheria: loti moja, la sivyo rudi mikono mitupu.

Dukani nilikuta katoni kumi na nane za loti moja na nane za nyingine. Kontena jipya litafika lini? Muuzaji aliinua mabega. Vibali vyetu vilikuwa vinakwisha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nililaza kigae cha huku na cha huku chini ya taa, nikapiga magoti, nikatazama. Sikuona tofauti. Nikajiuliza kama sheria ya Papa ilikuwa ujuzi au mazoea tu ya wazee. Kiwanda kilekile, jina lilelile. Nikaagiza zote.

Mzigo ulipofika Area 18 Papa alikuwa anapima sakafu kwa nivo, yaani pimamaji. Hakuinua kichwa.

"Loti moja?"

"Ndiyo, Papa. Moja."

Dawa ilikuwepo. Zile nane zingetosha korido na chumba kingebaki salama. Au angefungua katoni zote na kuvichanganya vigae kama karata, tofauti ikapotea. Nilijua hayo baadaye. Yeye, kwa neno langu, aliweka kutoka dirishani kuelekea mlangoni, katoni baada ya katoni, zile nane zikitangulia.

Madamu alikuja asubuhi, jua likiingia sakafuni. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Kwa nini sebule yangu imekuwa vyumba viwili?"

Mstari ulipita katikati. Upande wa dirisha, majivu; upande wa mlango, majivu yenye unjano. Papa alipitisha kiganja juu yake. Kisha akaenda kwenye rundo la katoni tupu, akazigeuza moja moja, akisoma namba. Hakunitazama.

"Ni kosa yangu, Madamu," alisema kwa Kichewa.

Nilifungua mdomo. Akaniambia kwa Kiswahili, ambacho Madamu hakukijua: "Nyamaza. Akikukasirikia weye, ni nani atakupatia kazi ingine?"

Nikanyamaza. Mimi ninayehoji kila kitu, nilinyamaza. Gundi ilikuwa imeshakauka. Porselen iliyoshika haing'oki, huvunjika. Ijumaa tulipanda gari la Dzaleka.

Sasa mnaniuliza kigae gani ni bora, nasi tumekaa juu ya udongo. Najua kupima chumba ambacho sitaruhusiwa kuishi ndani yake. Nimetafuta faida ya ujuzi huu hapa na sijaiona. Papa anapiga kuta za watu lipu ya tope.

Wiki iliyopita alikuja na bahasha. Madamu alikuwa ameandika, kwa Kiingereza. Papa hakuwa ameifungua. Niliisoma kimya kwanza. Ningeweza kumtungia barua nzima papo hapo, maneno ninayo. Lakini nilishamdanganya mara moja. Nikamsomea jinsi ilivyo: kwamba huwahi kazini, ni mwaminifu, huacha mahali pasafi, kwamba sakafu ina kasoro ambayo fundi mwenyewe alikiri ni kosa lake, kwamba kwa sababu hiyo yeye, Madamu, hawezi kuomba ofisi yoyote imwache mjini.

"Papa, zile loti, ni mimi nili—"

"Najua. Soma tena pale ameandika jina yangu."

Nilisoma. Madamu alikuwa ameliandika lote sawasawa, na mbele yake aliweka neno Bwana.