Kidole Chini ya Bawa

Mdogo wangu alikuwa mchora mabango hapa Majengo, na akikosa kazi alitengeneza vyombo vidogo vya anga. Kiwiliwili kilikuwa chupa ya dawa, mabawa vipande vya ndoo iliyopasuka, injini vifuniko vya dawa ya meno. Alivipaka rangi nyeupe ya mafuta iliyobaki kwenye mabango. Vikikauka vilifanana na vitu vya watoto, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza.

Alichanganya wino mweusi wa mihuri na maji mengi, akadondosha tone la sabuni ili wino usikimbie juu ya rangi, akapitisha brashi chombo kizima. Kisha akafuta kwa kitambaa. Wino ulibaki kwenye mifereji na kwenye maungio. Palipoinuka pakabaki peupe. Chombo kikaonekana kimetoka mbali na kimechoka.

Wapita njia walimtania. "Fundi, roketi hiyo inapita Tunduru?"

"Inapita, ila wewe mzigo wako mkubwa."

Mimi sikutania. Nilimwambia usoni kwamba mwanamume mwenye mke hachezei vifuniko. Alinitazama, akaendelea kufuta. "Giza kidogo tu, kaka," alisema. "Likizidi, umeua."

Kifua kilimmaliza kabla ya mavuno. Aliacha chombo kimoja, cheupe kitupu. Baada ya kuondoa tanga, shemeji alijiandaa kurudi kwao Namasakata. Hakutaka redio wala godoro. Alitaka kile chombo.

"Niachie siku mbili nikimalizie," nilimwambia. Yale maneno yangu yalikuwa yananisumbua. Alisita, kisha akanipa.

Wino wa marehemu ulikuwa umekauka. Nikachukua rangi nyeusi ya mafuta, nikaizimua kwa thina, ile ile aliyooshea brashi zake. Niliona ni mamoja, nyeusi ni nyeusi. Mwanzoni ilipendeza, mifereji yote ikajaa. Nilipoanza kufuta, kitambaa kikaja na weupe. Thina ilikuwa inayeyusha rangi ya chini, aliyoipaka yeye. Nikafuta zaidi nikidhani naokoa, ikawa tope la kijivu. Nikakigeuza, nikafuta na chini ya mabawa.

Siku ya safari shemeji aliingia asubuhi. "Shikamoo, shemeji." Nikaitikia, nikamkabidhi. Hakuutazama hata ule uchafu wa juu. Alikigeuza, akapapasa chini ya bawa la kushoto.

"Hapa palikuwa na alama ya kidole gumba chake," alisema. "Alikishika rangi haijakauka. Nilimcheka sana siku ile."

Ningeweza kusema ilifutika yenyewe. "Nimeifuta mimi," nilisema. "Sikuiona."

Alipapasa tena pale pale. Halafu akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha wenyewe.

"Basi kaa nacho wewe, shemeji."

Hakusema kwa hasira. Nilimbebea begi hadi stendi.

Kipo hapa kwenye rafu. Baadaye nilinunua wino, nikajaribu kwenye makopo matupu, nikitia tone la sabuni kama yeye. Sasa mkono wangu umekuwa mwepesi, najua giza liishie wapi. Kile chombo sijakigusa tena. Chini ya bawa la kushoto kuna michirizi ya kitambaa changu.