Mnada wa Pai za Arlis

Nadine Kessinger hakuwa mtu wa kupaza sauti, na ya nini apaze, wakati mumewe alikuwa na sauti ya kuwatosha wote wawili na majirani wakabakiziwa? Arlis Kessinger alikuwa dalali wa mnada. Kwa miaka thelathini aliuza kila kilichouzika katika vilima vile vya kusini mwa Missouri: ng'ombe, matrekta, vyombo vya marehemu, mashamba ya waliofilisika. Akishika kipaza sauti maneno yalimtoka mfululizo bila kumeza mate, na aliyekuja kutazama tu alijikuta anarudi nyumbani na mbuzi wawili asiojua atawalisha nini. Nadine alikaa mezani pembeni yake akiandika nani kanunua nini. Hata kukutana walikutana mnadani, Nadine alipokuja na baba yake kuuza mtamba, Arlis akamkazia macho mpaka akasahau bei imefika wapi. Watu walimcheka mwaka mzima.

Kazi moja Arlis hakuwahi kuitoza hata senti, nayo ni mnada wa pai. Pale Dutton Springs mtu akipatwa na ugonjwa unaokula pesa, kanisa huitisha chakula cha jioni, wanawake huoka pai, ile mikate ya matunda yenye ukoko, na watu wakishashiba pai hunadiwa. Hakuna anayenunua kwa sababu ana hamu ya pai. Mtu hutoa bei ya ndama kwa pai ya matufaha, anapigiwa makofi, kisha anasema, "Irudisheni mezani," na ile ile inanadiwa upya. Pai moja huweza kuuzwa mara tano au sita kabla haijaona kisu. Na hapo ndipo Arlis alipokuwa hatari.

"Buford Haskew!" alikuwa akipaza sauti. "Usijifiche nyuma ya mkeo, huyo mwenyewe mwembamba. Juzi umeuza fahali, mji mzima unajua!"

Buford alicheka, akanyoosha mkono, na mtoto wa watu akapelekwa hospitali.

Mwaka 2009, baridi ilipokuwa bado haijaisha, sauti ya Arlis ilianza kukwaruza. Watu walisema ni mafua. Majani yalipochipua, daktari wa mjini alimwangalia kooni akakuta uvimbe. Saratani. Akasema kwamba ikipigwa mionzi na dawa mapema, wengi wenye uvimbe wa namna ile hupona. Isipopigwa, basi Krismasi ni mbali.

Dalali hana mwajiri wa kumlipia bima. Arlis alijilipia mwenyewe miaka na miaka, hata ile miaka ng'ombe walipokosa bei. Matibabu yalikuwa yameanza vizuri tu pale kampuni ya bima ilipofukua mambo ya kale, ikagundua kwamba zamani aliwahi kumwona daktari kwa kiungulia na hakusema siku ya kujiunga. Kiungulia! Kwa jinsi wanavyokula nyama ya kukaanga, wilaya nzima ile ina kiungulia. Kampuni ikasema alidanganya, ikaifuta bima. Msaada wa jimbo kwa maskini haukuwahusu, maana hawakuwa na mtoto mdogo, na shamba lilikuwa limeshawekwa rehani. Hospitali nayo ikasema haitaendelea na mionzi mpaka ione nusu ya malipo mkononi.

Habari ile ilikuja kwa simu, Nadine akiwa anamenya viazi. Alimsikiliza binti wa hospitali aliyepiga mpaka mwisho, akamwambia asante, akarudi kwenye viazi. Alingoja kulia. Kilio hakikuja. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu mpaka ukafa ganzi, ila safari hii ganzi ilikuwa ya mwili mzima, na tangu siku ile haikumwachia. Alipika, akafua, akamsagia Arlis chakula apate kumeza. Akiulizwa hali alijibu, "Tupo."

Ndio msimu ule ule wa joto ambapo nchi nzima ilishikana mashati juu ya muswada wa bima ya afya. Huko Washington wakubwa walibishana, na huku mikoani redio zilibwabwaja kutwa. Wengine walisema bila sheria mpya watu watakufa kwa kukosa dawa. Wengine walisema serikali inataka kuingia mpaka chumba cha daktari na kuamua bibi yako aishi au afe. Pale Dutton Springs waliosema ndiyo ungeweza kuwapakia kwenye pikapu moja na nafasi ya mbwa ikabaki.

Arlis mwenyewe hakuwa kwenye pikapu hiyo. Wakati huo sauti yake ilikuwa imebaki mnong'ono.

"Wanasema kampuni haitaweza tena kumfutia mtu bima kwa sababu kaugua," Nadine alimwambia jikoni.

"Na nani atalipa?"

"Sijui. Ila wewe ungekuwa hospitali saa hizi."

"Sijawahi kuiomba serikali kitu, bibie, na sianzi leo. Hapa tunatunzana wenyewe."

"Tunatunzana kwa pai, Arlis."

"Basi oka pai."

Ukaidi wa Arlis ulijulikana. Nadine akarudi kuosha masufuria.

Mwezi wa nane mbunge wao akaja kusikiliza wananchi. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule. Nadine alimwambia mumewe anakwenda, Arlis akageukia televisheni ambayo ilikuwa imezimwa.

Mlangoni kila mtu alipewa kuponi yenye namba, na nakala zikatiwa kwenye ndoo ya bisi. Namba ikichomoka, mwenyewe anasimama na kuuliza kwa dakika moja. Ukumbi ulijaa pomoni. Mstari wa mbele alikaa Buford Haskew na bango alilolichora kwa mkono wake: HATUTAKI UJAMAA, maana kule chochote kinacholipiwa na serikali huitwa ujamaa. Huyu Buford magoti yote mawili alikuwa amebadilishiwa mwaka uliotangulia, kwa bima ya wazee inayolipwa na serikali hiyo hiyo, na ndiyo maana aliweza kurukaruka na bango lake namna ile. Ukimwambia hivyo alikasirika. Hiyo, alisema, niliilipia nikiwa kazini.

Namba ya Nadine ikatoka. Watu walipomwona anasimama walimpigia makofi hata kabla hajafungua mdomo. Ni Nadine wetu, mke wa Arlis.

"Mheshimiwa," alisema, na ikabidi asogezewe kipaza sauti. "Mume wangu ni mgonjwa. Nadhani wengi mnajua."

Wanaume wakavua kofia.

"Alikuwa na bima. Alipougua wakaifuta. Nakuomba uupigie kura ya ndiyo huo muswada, ili wasiweze kumfanyia mtu mwingine hivyo."

Mara ukumbi ukabadilika. Mguno ulianzia nyuma ukaja mbele, na ulipofika mbele ulikuwa umeshakuwa zomeazomea.

"Keti chini, dada!"

"Wamemlipa huyo!"

"Nadine, usituletee ujamaa kwa mgongo wa Arlis!" Huyo wa mwisho alikuwa Buford.

Nadine alimtazama aliyesema amelipwa. Alikuwa mtu aliyewahi kula kwake chakula cha Pasaka, akaongeza mara mbili.

"Mmetupenda," alisema, "lakini pai hazitoshi."

Hilo ndilo lililowachoma. Wangemsamehe mengine yote. Waliokaa walisimama, waliosimama wakapiga miguu sakafuni, na Nadine akabaki na kipaza sauti mkononi akiangalia midomo inayofunguka na kufunga. Aliwaza kwamba sakafu ile ilihitaji kupigwa nta. Kingine hakukiwaza.

Mheshimiwa alinyoosha mikono kutuliza watu. "Dada Nadine, mimi na mke wangu tutamwombea mzee," alisema. "Lakini dawa ya shida hii haiko Washington. Dawa ni majirani kama hawa!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na namba nyingine ikachomolewa kwenye ndoo.

Nje, kwenye maegesho, Buford alimfuata mbio kwa yale magoti mapya, kofia mkononi.

"Dada Nadine, hatukukuzomea wewe. Tumeizomea serikali."

"Mlikuwa mnanitazama mimi, Buford."

"Sasa serikali ilikuwepo pale tuitazame?" Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, machozi yakimlengalenga. "Jumamosi ndiyo siku ya mnada wa Arlis. Mke wangu anaoka nne. Tutamtoa, dada, utaona."

"Asante, Buford."

Aliingia kwenye gari akakaa. Hasira aliitafuta, hakuiona.

Nyumbani Arlis alikuwa ameshapata habari. Dutton Springs simu hufika kabla ya gari.

"Nasikia umetoa hotuba," alinong'ona.

"Dakika moja."

"Umewaambia pai hazitoshi."

"Ndiyo."

"Watakuja?"

"Watakuja."

Na kweli walikuja. Jumamosi ile ukumbi wa kanisa ulipungukiwa viti, watu wakakaa madirishani. Kulikuwa na kuku na tambi nene za mikono, maharage matamu, mahindi, na meza nzima ya pai. Waliomzomea Nadine walimkumbatia mmoja mmoja mpaka gauni likakunjamana, na hapakuwa na unafiki ndani yake. Hilo ndilo gumu kulieleza. Wangekuwa wanafiki, angalau mtu angejua pa kutemea mate.

Aliyenadi ni Coy Lathrop, kijana ambaye Arlis alimfundisha kazi. Arlis alikaa kiti cha mbele, skafu shingoni ingawa kulikuwa na joto, na Nadine akakaa mezani akiandika kama kawaida yake. Buford alinunua pai ya pichi kwa bei iliyowafanya watu wapige miluzi, akairudisha. Mjane Imogene Tackett alinunua pai aliyoioka mwenyewe. Mwalimu wa shule akainunua tena kwake, akairudisha. Mtu mmoja alileta bunduki yake ya kuwindia ikanadiwa pamoja na pai. Watu walicheka, wakalia, wakatoa.

Nadine aliandika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hospitali haikupima kwa kibaba, na yeye peke yake mle ndani ndiye aliyeona kwenye karatasi kwamba hata robo ya ile nusu haijafika. Coy akainua tena pai ya pichi, ambayo ukoko ulishaanza kupasuka.

Arlis hakuwa anaitazama pai. Alikuwa anawatazama watu. Nadine alimjua mtazamo ule. Alikaa pembeni yake miaka thelathini. Akafuata macho yake. Imogene alikuwa anafungua mkoba na kuufunga bila kutoa kitu. Wanaume walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mke wa Buford alikuwa amemshika mumewe mkono wa shati kwa vidole vyeupe, na Buford akaunyoosha ule mkono mwingine.

Arlis akasimama. Akatembea polepole mpaka mezani, akafunika kipaza sauti cha Coy kwa kiganja. Akainama sikioni mwa mkewe.

"Waambie basi. Wamekwisha."

"Bado, Arlis. Hatujafika popote."

"Buford akiinunua hii, kesho anauza trekta. Namwona usoni. Funga mnada."

"Ukifunga, wewe..."

"Najua ninachofunga, Nadine. Sema."

Alimtazama. Arlis alikuwa na macho yale yale yaliyomsahaulisha bei ya mtamba, isipokuwa sasa yalikuwa yamezama. Tangu siku ya viazi Nadine hakuwa amesikia kitu, na hata sasa kilichokuja hakikuwa kilio. Ilikuwa ile michomo ya sindano ganzi inapoanza kuachia. Aliona watu wale wote aliowapenda, akawachukia, na hakuacha kuwapenda. Alisimama, akachukua kipaza sauti kutoka kwa Coy.

"Mume wangu anasema inatosha," alisema. "Anawashukuru sana."

Kwa nukta moja hakuna aliyetikisika. Kisha ukumbi mzima ukasimama kwa kishindo. Walipiga makofi, wakapiga meza, wakakumbatiana; Coy akamwinua Arlis mkono juu kama mshindi. Inatosha! Imepatikana! Buford alikuja mbele, uso umelowa machozi, akamshika Nadine mabega yote mawili.

"Si nilikwambia, dada!" alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Si nilikwambia pai zinatosha! Waje hao wa Washington waone!"

Nadine akafungua mdomo amjibu. Mkono wa Arlis ukamgusa mgongoni, mwepesi.

"Ndiyo, Buford," alisema.

Akachukua kisu akaanza kuikata ile pai ya pichi, maana watu walikuwa wameshapanga foleni na sahani zao.