Bati Jipya Juu ya Moto wa Bibi

Chumba ninachopanga hapa Morotonga, Mugumu, kina doa kwenye siling bodi, juu kidogo ya kitanda. Mvua za kwanza zilipopiga lilikuwa dogo kama kisahani cha chai. Sasa limepanuka, limekuwa la kahawia pembeni na jeupe katikati, na kila nikirudi kutoka kuhangaikia kazi nalitazama hilo kwanza kabla sijavua viatu. Nimeshajiuliza kama bodi itashuka nikiwepo au nikiwa nimetoka, na kati ya hayo lipi ni afadhali. Nilipomwita mwenye nyumba, aliingia, akaangalia juu, akasema nisiwe na wasiwasi, hapavuji, ni jasho la bati tu. Akaondoka zake.

Jasho la bati. Rafiki yangu, nilikaa kitandani nikapandwa na hasira isiyomhusu hata kidogo yule mwenye nyumba. Ni hasira ya zamani, ya kijijini kwetu Itiryo, ya nyumba ya bibi mzaa baba, na ya watu wawili niliowapenda sana ambao walibishana juu ya paa moja mpaka masikio yangu ya utotoni yakachoka.

Mimi nililala kwa bibi, kama wajukuu wa kike wengi wa kwetu. Nyumba ya baba na mama ilikuwa ng'ambo ya uwanja, zizi la ng'ombe katikati. Ya bibi ilikuwa ya udongo, ya pembe nne, na ndani yake kulikuwa na mafiga matatu aliyowekewa siku alipoletwa kuolewa. Moto wa mafiga hayo hakuutoa nje. Alipikia hapo ugali wa wimbi na mgagani wa maziwa, akaota hapo, akatusimulia hapo. Wakati huo paa lilikuwa la nyasi, na moshi ulipita humo humo kwenye nyasi. Asubuhi ukisimama uwanjani ungeona paa zima linafuka taratibu kama uji uliowekwa upoe. Mchwa hawakuthubutu. Nyasi zilikauka upesi hata mvua iwe imenyesha tangu jana mchana. Bibi alikuwa akisema paa hulishwa moshi kama ng'ombe anavyolishwa magadi, na kwamba nyumba isiyofuka imefiwa.

Halafu baba akaleta bati.

Sitamlaumu kwa kuleta. Nyasi za kuezekea zilikuwa zimekwisha, kila kipande kimelimwa mahindi, na wazee waliojua kuezeka walikuwa hawapandi tena ngazi. Baba alifanya kazi Tarime mjini na alikuja nyumbani Jumamosi, na Jumamosi moja alikuja na fundi na bati zinazong'aa mpaka mbuzi wakakimbia. Tulishangilia. Mvua ya mawe ya kwanza ilipopiga juu ya bati zile tuliziba masikio tukacheka, tukidhani shida zetu za paa zimeisha.

Kosa lilikuwa dogo, na mpaka leo likinijia nauma meno. Kati ya ukuta na bati palibaki uwazi, nyumba nzima kuzunguka. Fundi alitaka kuuacha. Baba akasema huo ni mlango wa popo na nyoka, na tena watu watasema amemwezekea mama yake banda la mbuzi. Akaamuru uzibwe. Wanawake wa boma wakakanda udongo na kinyesi cha ng'ombe, wakaziba vizuri kabisa, wakalainisha kwa viganja. Bibi naye aliwasifu. Kisha akaingia ndani, akapuliza moto wake, akalilisha bati moshi.

Unaweza kuona mwenyewe kilichofuata. Moshi ulipanda, ukakosa pa kupita, ukarudi chini. Mvuke wa chungu ulipanda, ukagusa bati lililopozwa na mvua, ukageuka maji, maji yakachukua masizi, yakadondoka. Nje mvua ya Mungu, ndani mvua ya bibi, tena nyeusi. Ilidondoka kwenye maziwa. Ilidondoka kwenye sare yangu ya shule, na mwalimu wa zamu akaniuliza mbele ya mstari mzima kama kwetu tunachoma mkaa kitandani.

Kazi ya paa ikawa yangu. Asubuhi nilifuta matone juu kwa tambara lililofungwa kwenye mti mrefu, na masizi yakaniingia machoni. Nilitoa majani ya mkaratusi kwenye mfereji wa bati ili maji yaende pipani, maana mfereji ukiziba maji yalirudi ukutani. Nilipanga masufuria na beseni chini ya sehemu zilizodondosha sana, na kila chombo kilikuwa na sauti yake. Nilikuwa mtoto wa kuwaza sana hata wakati huo. Nililala nimekodoa macho nikikisia tone lipi litaanguka kabla ya lipi, na nikikosea niliona kama ni ishara ya jambo baya.

Jambo baya lilikuwa kifua cha bibi. Alianza kukohoa masika yale, kikohozi kikavu kisichokwisha. Kila Jumamosi baba alivuka uwanja, akainama mlangoni, akasema shikamoo mama, na kabla hajaitikiwa vizuri akawa ameshaanza. Moto uhamie nje, kwenye jiko la mama yetu. Bibi alijibu kwamba moto ulitangulia, bati ndilo limekuja juzi, kwa hiyo mgeni ndiye ahame. Baba alisema moshi unaua. Bibi alisema ameukalia tangu yeye baba hajazaliwa. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli, na ndiyo maana walinichosha. Mtu mwenye kosa zima unaweza kumwacha.

Jumamosi moja baba alipoteza uvumilivu. Alisema kwa kuwa moto hauhami, basi mama ndiye atahama. Ataletewa kitanda nyumba kubwa, siku hiyo hiyo, na nyumba hii itafungwa. Mama yetu akainamisha kichwa. Alijua, na sisi watoto tulijua, kwamba kwetu mama halali kwenye nyumba ya mwanawe aliyeoa.

Bibi hakupandisha sauti. "Mura," alimwambia, yaani kijana, kama alivyomwita tangu alipotoka jandoni, "nikalale kwa mke wako, niwasikie mnavyosemezana? Nifunge macho au nifunge masikio?"

Mama alicheka bila kutaka, akajifunika mdomo kwa khanga. Baba hakucheka. Alisema jioni angekuja na watu wa kubeba kitanda.

Bibi alipobaki alikaa kwenye kigoda chake, mikono magotini, akautazama moto. Nilimwona ameogopa, na sikuwahi kumwona hivyo. Moto ule ukizimika kwa kuachwa, kwake ilikuwa ni kuambiwa ndoa yake imekwisha na maisha yake yamekunjwa, mumewe akiwa kaburini. Nilikaa karibu naye nikawaza mambo yote yanayoweza kutokea, na yote yalikuwa mabaya.

Aliyetuokoa alikuja kuomba kuni. Alikuwa jirani yetu, mtu wa Usukumani aliyekuja kutafuta dhahabu, akaikosa, akabaki amepanga chumba kwa jirani wa chini. Aliinamisha kichwa kuingia, akakohoa, akarudi nje akifuta machozi. Alimuuliza bibi kama humo anakausha samaki. Kisha akasema jambo ambalo watu wote wa boma lile tungeweza kulisema kama tusingekuwa tumechagua upande: toboa udongo juu pande mbili, chini ya paa, moshi utoke. Kule mashimoni, alisema, watu hawashuki mpaka hewa ipate njia mbili, ya kuingia na ya kutokea.

Baba alipofika jioni aliambiwa, jirani akiwa bado yupo. Alitazama ukuta aliouamuru mwenyewe uzibwe. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kukubali bila kuonekana amekubali. Mwishowe akaagiza ngazi, ikaletwa, ikaegemezwa, naye akasimama chini yake akiishika kwa mikono miwili. Hakupanda, kwa sababu mtoto wa kiume aliyekwisha kuwa mtu mzima hapandi juu ya nyumba anamolala mama yake. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Tulikuwa tumemsikia akisema mara nyingi kwamba mila za namna hiyo zimekwisha. Lakini ngazi aliishika tu.

"Nami nimezoea kwenda chini ya ardhi," jirani alisema, akivua viatu. "Juu ni ugenini."

"Panda," bibi akamwambia. "Leo utaliona jua."

Akapanda, manyunyu yakimpiga mgongoni. Bibi alikaa nje chini ya mwavuli wa kanisa wa baba, maana hakutaka kuwa chini ya miguu ya mwanaume, na mimi nikaachwa ndani nichochee moto usizimike. Nilisikia jembe likigonga udongo mkavu. Vipande vikaanguka, vumbi likajaa, halafu upande wa mashariki ukatoboka na mwanga ukaingia kama ubao. Nikaona moshi unageuka. Ulikuwa umezoea kunirudia usoni, na sasa ulijikusanya, ukainuka, ukaenda kwenye tundu kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani. Alipotoboa upande wa pili, upepo ukapita juu ya kichwa changu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na bati likaanza kukauka nikiliangalia.

Nje nilisikia baba akimwambia mama yake kwamba haya, matundu yawepo, ila popo wakiingia asimwite. Bibi akamjibu kwamba popo hawajawahi kumwamrisha ahame. Kitanda hakikubebwa. Kikohozi kilipungua, hakikwisha. Popo waliingia, naam, wawili watatu, na kila Jumamosi baba aliwataja.

Bibi alikufa mwaka niliojiunga na chuo, ndani ya nyumba yake, kama alivyotaka. Tanga lilipovunjwa baba aliyaziba matundu. Nilimuuliza kwa nini, akasema mvua inaingia na hakuna tena mtu wa kufuta. Nyumba ikawa ghala la mahindi.

Mwezi uliopita nilikwenda kusaidia kutoa magunia. Mlango ulipofunguliwa ilitoka harufu ya ukungu. Bati lilikuwa limejaa matone, safi kabisa sasa, hayana masizi, na yalidondoka juu ya magunia bila haraka. Mahindi ya chini yalikuwa yameota nywele za kijani. Nilishikwa na uchungu mpaka nikapiga teke gunia. Niliongea sana. Nilimweleza baba habari za mvuke na hewa na ukuta uliozibwa kana kwamba hajui, nikamwambia atoboe, na awashe moto mdogo humo wakati wa masika, mahindi yakauke.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameketi kwenye gunia zima, amezeeka kuliko nilivyokuwa tayari kumwona. Aliyatazama mafiga, yaliyosukumwa pembeni kupisha magunia.

"Kuwasha nitawasha," alisema. "Nani wa kukaa nao?"

Mama anapikia gesi. Wadogo zangu wako mjini. Mimi nilikuwa na basi la kurudi Mugumu jioni ile, na karatasi za maombi ya kazi ndani ya begi. Baba alikuwa ameshainuka, ameshika gunia upande mmoja, akisubiri nishike upande wa pili.