Shemeji Nyuma ya Ukuta wa Jikoni

Baba alipozikwa, mama aliacha kulala. Si kulala kidogo, la, aliacha kabisa. Usiku alipanga sufuria, mchana akazipangua, na sisi wengine tukawa tunasinzia hadi kanisani.

Baba mdogo, ndugu ya baba, akatangaza kwamba mama asipolala kufikia mwisho wa mwezi, atampeleka ile hospitali kubwa ya Nairobi. Pale kwetu Nunguni ilisemekana kwamba ukienda huko unarudi humjui hata mbwa wako. Mama aliogopa. Mimi niliogopa kuliko yeye, kwa sababu ndiye mzazi niliyebaki naye.

Sasa sikiliza ujinga wetu. Nesi wa magonjwa ya akili tulikuwa naye, tena hodari, anafanya kazi Kitui. Shida ilikuwa moja tu: alikuwa amemuoa dada yangu. Na kwa Wakamba wa rika la mama, mwanamke na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Shemeji akitokea njiani, mama anaingia kwenye migomba. Mama huyu huyu, mwenyekiti wa akina mama kanisani! Alikuwa ameacha waganga, ameacha pombe, ameacha mambo yote ya kale isipokuwa hilo.

"Nimweleze mkwe wangu habari za kitanda changu? Woi! Heri hiyo Nairobi."

Mimi na cheti changu cha usekretari nikajiona nimepata dawa: simu. Humuoni, hakuoni, mnaongea. Hata baba mdogo alikubali. Nikapanga na shemeji, nikampeleka mama kwa duka lenye simu pale sokoni. Alivaa nguo ya Krismasi na viatu. Mwenye duka akazima redio kwa heshima, na wateja nao wakanyamaza kwa heshima, yaani wasikie vizuri.

Nikamwekea mkonga wa simu sikioni. Shemeji akasema, "Mama, habari ya huko?"

Mama alipiga unyende, akajifunika leso uso mzima, akaiacha simu ikining'inia na kukimbilia nyuma ya magunia ya maharagwe.

"Ameingia ndani ya sikio!" akalia kutoka huko. "Mume wa mtoto wangu! Hata baba yako hakuwahi kunisogelea hivyo mbele za watu!"

Wateja walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilipandwa na hasira. Nikaokota simu nikamwambia shemeji aje mwenyewe, potelea mbali, nimechoka na mila na nimechoka na teknolojia.

Akaja Jumamosi na blanketi na sukari, akasimama kule kwa zizi kama mwizi wa kuku. Mama alikuwa amejifungia jikoni. Kidogo akaniita dirishani.

"Mwambie akae hapo nje, nyuma ya ukuta. Yeye aangalie ng'ombe. Mimi nitaangalia moto."

Basi kliniki ikafunguliwa. Shemeji juu ya debe lililopinduliwa, shati jeupe, tai, anamuuliza ng'ombe kwa upole, "Mama, usiku ukifika unafikiria nini?" Ng'ombe anamtazama, anatafuna. Nilijiuma midomo nisicheke.

Kisha sauti ya mama ikatoka kwenye nyufa za udongo, polepole.

"Kitanda ni kikubwa. Miaka yote nilimgombeza asogee. Sasa amesogea."

Kicheko kiliniisha. Mimi mtoto wake hakuwahi kuniambia hivyo, na nilikuwa nimemuuliza kila siku, nikimkodolea macho.

Shemeji hakusema ni ugonjwa. Alimuuliza baba alikuwa akilala upande gani. Mama akaeleza: upande wa ukutani, na miguu yake baridi, na jinsi alivyovuta blanketi lote. Akaeleza na kueleza, sauti ikipungua, mpaka ikakatika.

"Mama?" Kimya. "Mama, unalia?" Kimya. Shemeji alianza kutoka jasho. Kuingia hawezi, kuchungulia hawezi. "Shemeji," akaninong'oneza, "ingia, ingia haraka!"

Kabla sijainuka, kukatoka jikoni mkoromo mmoja mnene hivi kwamba ng'ombe aliacha kutafuna.

Tukakaa hapo nje, hakuna aliyethubutu kukohoa. Machozi yalikuwa yananitoka tu. Baadaye tukasikia harufu ya maharagwe yakiungua kwenye sufuria ya mama, tukatazamana, tukayaacha yaungue.